Kulima uani penye saruji: anza na matembele, nyanya zingoje

Kati ya miche 24 ya nyanya niliyopandikiza Aprili 2020, ulionusurika ni mmoja. Huo mmoja ulinizawadia nyanya tatu, na mbili kati ya hizo zilikuwa zimeoza kitako. Siku hizohizo, vipande vya matembele nilivyochomeka kwenye karai lililotoboka, ili tu visitupwe, vilikuwa vimeshafunika karai na vinatambaa kuelekea mlango wa choo. Ndipo nilipojua nimeanza kinyumenyume. Kwa hiyo hapa matembele yanatangulia, na nyanya nimezisukuma huko chini.

Mimi ni mwalimu wa chekechea. Nimepanga chumba kimoja Ngamiani, Tanga, kwenye nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, ua mmoja na bomba moja. Ua wenyewe umesakafiwa saruji tupu, isipokuwa kona yenye mgomba wa mama mwenye nyumba, ambao hata kuuegemea ni kesi. Shule zilipofungwa tarehe 17 Machi 2020 kwa ajili ya korona, ada zilikatika, na kwa shule ya mtu binafsi ada ikikatika na mshahara umekatika. Hapa kwetu serikali haikutufungia ndani. Watu waliendelea kwenda sokoni na baharini. Lakini mtu asiye na pesa, anayeogopa msongamano wa soko la Mgandini, hujifungia mwenyewe.

Dada yangu yuko Likoni, Mombasa. Wao walikuwa na kafyu tangu tarehe 27 Machi, saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, na kuanzia tarehe 8 Aprili hapakuwa na kutoka wala kuingia Mombasa, Kwale na Kilifi. Yeye ndiye aliyenianzisha kwa maswali yake ya sauti kwenye simu: "Mdogo wangu, huo mchicha unaoniringia umeuotesha kwenye nini?" Majibu niliyompa ndiyo haya, pamoja na makosa niliyomficha wakati ule.

Jua kwanza, pesa baadaye

Usinunue kitu. Chukua chaki (mwalimu hakosi chaki) na saa tatu asubuhi uchore mstari sakafuni pale kivuli cha ukuta kinapoishia. Rudia saa sita, rudia saa tisa. Jioni utaona mwenyewe ua wako umegawanyika: pana sehemu inapigwa na jua karibu kutwa, pana sehemu inapata nusu siku, na pana sehemu ambayo ni ya kuanikia viatu vilivyolowa tu. Mboga za majani zinavumilia jua la muda wa saa nne au tano. Kitu cha kuzaa tunda, kama nyanya, bamia, bilinganya au pilipili, kinataka saa sita na kuendelea, na ukikinyima kitarefuka, kitakonda, halafu kitakutazama tu.

Jambo moja lilinipita hadi likanigharimu. Jua halibaki njia ileile mwaka mzima. Huku kwetu mwezi wa tatu linapita karibu utosini, lakini kufika mwezi wa sita limeegemea kaskazini, na mwezi wa kumi na mbili linaegemea kusini. Ukuta wetu wa kaskazini una kimo cha mita mbili hivi. Machi haukunisumbua hata kidogo. Juni, saa sita mchana, ulikuwa unatupa kivuli cha mita nzima, juu ya pilipili zangu hasa. Kwa hiyo weka vyombo ambavyo unaweza kuvisogeza, na usijengee chochote cha kudumu kabla hujauona ua wako kwa miezi kadhaa.

Udongo ndio kazi yenyewe

Wanaoanza wanauliza mbegu. Uliza udongo. Ule wa mjini kwetu ni mchanga na vifusi: vipande vya matofali, mawe ya matumbawe, na mifuko ya plastiki iliyozikwa tangu zamani. Maji yanapita kama kwenye chujio.

Nilichofanya mimi, shemeji yangu anakaa Muheza, ambako ardhi ni nyekundu na nzito. Nilimwomba kila akija mjini anipakilie kiroba kimoja kwenye daladala. Konda alikuwa anamtoza nauli ya mzigo na kumcheka juu, "Mjomba, mjini udongo umeisha?" Kama huna shemeji Muheza, tafuta mahali wanapochimba msingi wa nyumba nje kidogo ya mji, uombe ule wa juu, si ule wa chini wenye mawe.

Mchanganyiko wangu naupima kwa sado: udongo mwekundu sado mbili, samadi iliyooza sado moja, mchanga sado moja. Changanya pakavu, kisha nyunyiza maji kidogo, ufumbate kwenye kiganja. Ukifumbua mkono, donge likae, na ukiligusa kwa kidole livunjike. Lisipovunjika ongeza mchanga. Lisipokaa kabisa ongeza samadi na udongo.

Sasa, mchanga. Kaka yangu mdogo alijitolea, akaniletea ndoo mbili za mchanga mweupe, mzuri, kutoka ufukweni Raskazone. Ulikuwa na chumvi. Mchicha uliota, ukaungua ncha za majani, ukafa. Usitumie mchanga wa pwani kwenye vyombo. Chukua wa mtoni, au ule ambao mvua inaukusanya kando ya barabara za mitaani, uuchekeche.

Samadi nayo ina masharti. Ya mbuzi na ya ng'ombe iliyokaa miezi kadhaa hadi ikawa haina harufu na inapukutika kama chai ya majani, hiyo tia bila hofu. Ya kuku ni kali. Ikiwa mbichi inachoma mizizi, na isitoshe si vizuri kula majani yaliyolala juu ya mavi mabichi. Iloweshe, ifunike kwa turubai, ipindue kila wiki, uiache miezi miwili au mitatu ndipo uiguse. Kiroba cha samadi ya ng'ombe nilikipata kwa shilingi 2,000 kutoka kwa mzee anayefuga Mabawa, na nilikibeba nyuma ya baiskeli mchana kweupe. Watu wa Tanga kwa baiskeli wamezoea kuona kila kitu, hakuna aliyegeuka.

Mabaki ya jikoni usitupe. Maganda ya ndizi, ya viazi, machicha ya nazi, majani ya chai: yote kwenye ndoo yenye matundu na kifuniko, tabaka la takataka, tabaka la udongo au majani makavu. Machicha ya nazi yawe kidogo kidogo, yakizidi yanachacha, yananuka, yanaita panya. Vichwa vya samaki mimi nilivipiga marufuku baada ya paka wa mtaa mzima kufanya mkutano uani usiku mmoja.

Vyombo

Ndoo ya rangi ya lita 20 ndiyo bora, ukishaikwangua rangi yote. Dumu la mafuta ya kula lililokatwa ubavu linafaa mboga za majani. Beseni lililopasuka, karai, tairi, kiroba cha unga, vyote halali. Kilichowahi kubeba dawa ya wadudu usikiguse, hata ukioshe mara mia.

Matundu toboa kwa msumari wa inchi nne uliopashwa moto kwenye jiko la mkaa, ukiushika kwa koleo. Matano chini, na mengine matatu ubavuni, vidole viwili juu ya kitako. Hayo ya ubavuni ndiyo watu wanayasahau, na kwenye saruji ndiyo yanayookoa mmea, maana sakafu inaziba ya chini. Halafu inua chombo juu ya vipande vya matofali.

Chini ya udongo naweka makumbi. Kila nyumba ya pwani inakuna nazi, na makumbi yanatupwa au kuchomwa. Yanazuia udongo usitoke matunduni na yanashika maji mchana kutwa. Mapya yaloweke siku mbili tatu, umwage yale maji ya kahawia, ndipo uyatumie. Yale ya zamani yaliyonyeshewa na mvua hayahitaji lolote.

Na vifuu. Jikoni kwangu kifuu ndicho kitalu. Chukua nusu ile yenye macho matatu: jicho moja huwa laini, litoboe kwa kijiti, hapo tayari una chombo chenye tundu lake. Tia udongo laini, sia mbegu mbili za pilipili au bilinganya, panga vifuu vyako kwenye sinia la zamani. Siku ya kupandikiza unakigonga kidogo kwenye kingo, mche unatoka na udongo wake kama keki.

Siku ya kwanza mama mwenye nyumba aliponikuta nimezungukwa na makopo, nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayehesabu. "Mwanangu, hayo yote ni ya kwako au umefungua duka la vyuma chakavu?" Nikamwambia mama, nipe mwezi mmoja, chungu cha kwanza cha kwako. Kama umepanga, ahadi hiyo itoe mapema.

Matembele, halafu mchicha

Matembele hayana mbegu ya kununua. Sokoni nunua fungu lenye vikonyo virefu, au omba kwa mtu mwenye shamba. Kata vipande vya urefu wa shibiri moja na ushee, ondoa majani ya chini, acha mawili matatu ya juu. Vilaze kwenye udongo uliolowa kwa kuinamisha, vifundo vitatu viwe ndani, kwani mizizi inatoka kwenye vifundo. Kwenye karai moja weka vipande sita. Siku tatu za mwanzo vitanyauka vyote na utasema vimekufa. Usiving'oe. Ndani ya wiki vinasimama.

Baada ya wiki nne hivi anza kuchuma ncha, urefu wa kidole. Usinyoe karai lote. Kila ncha unayokata inatoa mbili, kwa hiyo kadiri unavyochuma kwa adabu ndivyo yanavyozidi kufunga. Mimi na makarai matatu nilikuwa napata mboga ya watu wawili mara mbili kwa wiki, na nazi moja. Usitegemee viazi humo, chombo ni kidogo na wewe umeshayala majani.

Mchicha ndio wa haraka kuliko yote, ukipata maji ni siku 21 hadi 30 kutoka kusia hadi chunguni. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi la tumbaku. Ukizimwaga kwa kidole zinarundikana sehemu moja, kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu, kiganja cha mchanga kwa nusu kijiko cha mbegu, unyunyize kama unavyonyunyiza chumvi. Funika kwa udongo mwembamba sana, unene wa nusu sentimita, si zaidi. Juu yake weka kipande cha kuti.

Kuti hili lina maana masika. Mvua ya Aprili ya Tanga haimwagilii bustani, inaipiga. Tone moja linachimba shimo na kufukia mbegu au kuzitupa nje ya dumu. Lakini zikichomoza tu, siku ya tatu hadi ya tano, kuti liondoke siku hiyohiyo. Nililiacha wikiendi moja, nikakuta nyuzi nyeupe zimelala chini. Miche inayolala na kuoza shinani kwa unyevu hivyo, wakulima wanaiita kinyausi, na dawa yake ni kupunguza maji, kupunguza msongamano, na kuruhusu hewa. Hakuna kunyunyiza kitu kikapona.

Punguza miche ikifika kimo cha kidole, iliyong'olewa ni mboga tayari. Iliyobaki ikifika shibiri mbili, usiing'oe kama wanavyofanya wauzaji wa mafungu. Kata juu ya vidole vitatu kutoka chini, itachipua tena mara mbili au tatu kabla haijachoka.

Majani ya kunde yanafuata njia hiyohiyo na hayahitaji maneno mengi: mbegu kubwa, shimo la pingili moja ya kidole, chuma changa. Bamia loweka usiku kucha kabla ya kupanda, mbegu moja kwa ndoo moja ya lita 20, utaanza kukata baada ya siku 50 au 60, na ukate kila baada ya siku mbili, la sivyo zitakuwa kuni.

Gunia, kwa asiye na nafasi hata ya ndoo

Hili ndilo dada yangu alilipenda, maana yeye anakaa ghorofani na ana kibaraza cha hatua mbili.

Gunia la kilo 50, kunja mdomo wake nje mara mbili ili usimame imara. Chini weka makumbi. Chukua kopo kubwa la maziwa ya unga, litoe vitako vyote viwili liwe bomba. Lisimamishe katikati ya gunia, lijaze kokoto, kisha zungushia udongo ule wa mchanganyiko hadi usawa wa kopo. Livute kopo juu, kokoto zitabaki zimesimama, lijaze tena, zungushia udongo tena. Unaendelea hivyo hadi gunia lijae, na katikati umebakiwa na nguzo ya kokoto kutoka juu hadi chini. Hiyo ndiyo njia ya maji. Ukimwagia juu, yanashuka kwa nguzo na kusambaa pande zote, la sivyo juu kutalowa na chini kutakuwa jangwa.

Ubavuni toboa matundu kwa kisu, kila moja shibiri moja kutoka kwa mwenzake, kwa kupishana, yasipangane mstari mmoja. Mwagia maji, liache siku mbili lishuke, ongeza udongo, ndipo uchomeke miche ya spinachi, chainizi au sukumawiki kwenye matundu. Juu weka kitu cha kusimama, pilipili au bilinganya mbili. Gunia zuri linabeba miche 25 hadi 30. Likae hapohapo ulipolijazia, likilowa halibebeki. Na kila wiki mbili ligeuze robo mzunguko kwa kulikokota, ukiwa na mtu wa kukusaidia, maana upande wa kivulini unadumaa.

Kwa kuwa tuko Tanga, utashawishika kutumia gunia la katani. Linapumua vizuri, lakini kwa maji ya kila siku linaoza mapema na kukupasukia kitako. La plastiki nalo linaliwa na jua, lifunike ubavu kwa kitambaa au kuti ulipe umri.

Ukifiwa na miche, kumbuka katani yenyewe. Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza vichipukizi vyake 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, vilivyofika hai huku kwetu vilikuwa 62. Mji huu umejengwa na hao 62. Mimi na nyanya yangu moja kati ya 24 sikuwa mbali sana na Mjerumani, ila yeye alipata mashamba.

Maji, na ndoo ya kunawia

Mwagilia asubuhi kabla ya saa mbili, au jioni baada ya saa kumi na moja. Chomeka kidole udongoni hadi pingili ya pili: kikitoka kikavu, mwagia, kikitoka na udongo umeganda, acha. Ndoo juani miezi ya kaskazi inaweza kutaka maji mara mbili kwa siku, na masika haitaki hata mara moja. Ramadhani ya mwaka ule ilianza mwishoni mwa Aprili, na nilipanga kumwagilia saa kumi na moja unusu, kabla ya futari. Ni kazi nyepesi kwa mtu mwenye swaumu, na zile dakika za mwisho zinapita bila kuangalia saa.

Maji ya kisima onja kwanza. Visima vingi karibu na bahari vina chumvi. Maharage na vitunguu hayawezi kabisa, spinachi huvumilia zaidi. Kama huna mengine, changanya na ya mvua, na kila mvua kubwa ikinyesha acha iuoshe udongo vizuri.

Halafu ndoo ya kunawia mikono. Kila mlango ulikuwa na ndoo yenye koki na beseni chini, na mimi nikaona yale maji yanapotea bure. Nikaanza kuyamwagia mchicha. Wiki ya kwanza salama. Wiki ya pili majani yakapauka, kisha yakawa kama karatasi. Kumbe mpangaji wa chumba cha mbele, kwa uangalifu wake, alikuwa anatia klorini kwenye ndoo kila asubuhi, na si kidogo. Maji ya kunawia yenye sabuni ya kawaida yapeleke kwenye mgomba au mpapai, si kwenye mboga za majani, si kwenye chombo kidogo. Yenye klorini yaende mtaroni.

Visahani chini ya ndoo usiweke, au vimwage kila siku. Mwaka 2019 dengi ilitusumbua Tanga, na yule mbu wake anataka maji kidogo tu yaliyosimama.

Wanaokula kabla yako

Kuku wa jirani ndio wa kwanza. Nilipandikiza chainizi 12 asubuhi, nikarudi kutoka dukani hakuna hata moja. Waja leo waondoka leo, kama wasemavyo watu wa kwetu, ila mimi miche yangu haikulala hata usiku mmoja. Usigombane na mwenye kuku. Nenda pale wanaposhushia samaki, Deep Sea, uombe wavuvi kipande cha wavu chakavu. Mimi nilipewa mzigo mzima kwa ahadi ya mchicha. Zungushia vijiti, funga wavu, kwisha.

Vidukari hujaa chini ya majani na kwenye ncha za kunde. Wachache wakamue kwa vidole. Wakizidi, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja ya maji, nyunyiza jioni chini ya majani, suuza asubuhi. Ya pili ni mwarobaini: viganja viwili vya majani vitwangwe kwenye kinu, viloweke usiku kucha kwenye lita moja, chuja kwa kitambaa, tia tone la sabuni. Nguvu yake inaisha haraka kwa jua, kwa hiyo rudia kila baada ya siku tano hadi saba. Na kinu kioshe sana. Sikukiosha sana, na kisamvu cha siku iliyofuata kilikuwa kichungu hadi kwenye meno.

Viwavi waitwao sota hukata miche usiku, shinani, kama kwa mkasi. Zungushia kila mche kikaratasi kigumu, nusu yake ndani ya udongo. Konokono wa masika wale wakubwa, toka na tochi saa tatu usiku, waokote kwa mfuko mkononi, si kwa mkono mtupu.

Kama ni dawa ya dukani, kwenye ua ambao watoto wa vyumba sita wanacheza, mimi sikutumia na sitakufundisha.

Nyanya, kwa mwenye moyo

Kosa langu lilikuwa msimu. Nilizipandikiza Aprili, masika ikiwa katikati ya hasira zake. Majani yakilowa kutwa kucha, ukungu unaingia, mabaka ya kahawia yanapanda kutoka chini, na ndani ya wiki mbili mche ni kijiti. Kwa pwani, sia mbegu mwishoni mwa Mei na upandikize mwishoni mwa Juni, mvua zikiwa zimepungua na kusi linapoza hewa. Kwa ua wangu nilipata mafanikio na aina ya nyanya iitwayo Tengeru 97. Aina nyingine, Cal J, ni fupi na inakaa vizuri kwenye ndoo.

Ndoo moja, mche mmoja, hata kama unaona nafasi imebaki. Zika shina hadi karibu na majani ya kwanza, litatoa mizizi. Chomeka mti wa kuegemea siku hiyohiyo, ukingoja utakata mizizi. Majani yanayogusa udongo kata. Mwagia udongoni, si majani.

Kuoza kitako ni kwa sababu mmea umekosa kalisi (kalsiamu) kwenye tunda, na mara nyingi si kwamba udongo hauna, ni kwamba maji yanakuja leo mengi na kesho hakuna. Maganda ya mayai yaliyosagwa ni mazuri lakini yanachukua muda mrefu kuoza. Kumwagilia kwa kipimo kilekile kila siku ndiko kulikonitibia. Toka hapo, siku 75 hadi 90 baada ya kupandikiza, ukijaliwa, unakula.

Mbegu za msimu ujao

Shule za chekechea na msingi zilifunguliwa tarehe 29 Juni, nikarudi kwenye chaki zangu, na kumwagilia kukawa kwa zamu uani: Jumatatu na Alhamisi mimi, siku nyingine wapangaji wengine, Ijumaa mama mwenye nyumba mwenyewe, ambaye sasa anayaita makarai "shamba langu".

Kabla ya hapo niliacha michicha miwili iliyonona zaidi ichanue bila kuguswa. Mashuke yakigeuka rangi ya majani makavu na ukiyasugua yanadondosha mbegu nyeusi zinazong'aa, kata asubuhi umande ukishakauka, yaanike kivulini juu ya gazeti siku nne au tano. Yasugue kwa viganja, pepeta kwenye ungo taratibu, upepo wa kusi usije ukafanya kazi hiyo kabla yako. Zitie kwenye kichupa kikavu, juu yake kijiko cha majivu yaliyopoa kabisa ili yanyonye unyevu, funga sana, andika tarehe, weka mbali na jiko. Michicha miwili ilinipa kichupa cha dawa ya kikohozi kimejaa hadi shingoni. Nusu niliifunga kwenye karatasi ya daftari na kuandika jina la dada. Mpaka wa Horohoro, kati yetu na Kenya, ulikuwa bado haupitiki kwa abiria, kwa hiyo karatasi ilikaa kabatini, chini ya kanga, pamoja na maelezo ya kuti: liondoke siku ileile zinapochomoza.